Mama wa Mwaloni na Swali Lake la Mvua

Ukitaka kumwelewa yule mama wa mwaloni, usianze na wema wake. Anza na kopo lake. Lilikuwa kopo la samli alilopimia dagaa, limebonyea upande mmoja, na kila mnunuzi wa Musoma alijua kwamba kule kubonyea hakukutokea kwa bahati mbaya. Ukimlalamikia, anakuambia nenda ukavue mwenyewe, ziwa liko pale, halina mlango. Ukibonyeza dagaa kwa kidole ili uone kama wamekauka, anakunyang'anya sinia. Kanisani aligombana na wanakwaya wenzake juu ya nani asimame mstari wa mbele, akagombana nao tena walipompa nafasi hiyo, eti wamempa kwa kumwonea huruma.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wanaosikia habari zake kwangu hudhani alikuwa na sura ya huruma. Hakuwa nayo. Alikuwa na uso wa mtu anayejua kuna anayetaka kumdanganya, ila bado hajajua ni nani. Sikuwahi kumsikia akimsifu mtu aliye hai, na wafu aliwasifu kwa kipimo.

Mwalo wetu, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, ulikuwa mwendo mfupi kutoka mtaa wa Mukendo, nilikopanga chumba kimoja nilipohamishiwa Musoma kufundisha shule ya msingi. Wavuvi walirudi asubuhi na karabai zao zimezimwa, akina mama wakanunua dagaa wabichi kwa ndoo, wakawaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani na kwenye mawe. Jua likiwa kali, kufika alasiri dagaa wamekauka kabisa. Mvua ikiwawahi, wanaharibika, na kazi yote ya siku inageuka chakula cha kuku. Kwa hiyo akina mama wa mwaloni walizitazama mbingu kuliko wachungaji wetu.

Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ilikuwa ya kujuana na mtu, na mshahara wa mwalimu ulikuwa wa kuja na kutokuja. Nikaanza na mimi kuanika dagaa baada ya vipindi, kwenye kipande cha mchanga kilichopakana na chake. Hakunikaribisha. Alivuta nyavu zake kidogo upande wake, nikaelewa kwamba nimeruhusiwa. Tukawa majirani miaka mingi. Mimi nilimwita Mama, yeye aliniita Mwalimu, na sote tuliridhika na hayo.

Kila mji una mahali ambapo watu walioshindwa huenda kukaa. Kwetu palikuwa kwenye mawe makubwa yaliyoingia majini, hatua chache kutoka tulipoanika. Walikuja watu wa kila aina. Mkulima ambaye pamba yake imekaa ghalani msimu mzima bila kuchukuliwa. Msichana aliyefukuzwa shule kwa mimba. Na baadaye, mambo yalipofunguliwa na maduka yakajaa vitu ambavyo hatukuweza kuvigusa, wakaanza kuja wanaume wazima waliovaa mashati ya kazi, wakati kazi zenyewe hazipo tena. Wengi wetu tuliwapita. Tulisema ni wapumzikaji, na tulisema hivyo huku tukijua hawakuja kupumzika.

Mama wa mwaloni hakuwapita.

“Mtu anayekujaga ziwani mikono mitupu,” aliniambia siku moja, “hana ndoo, hana kikapu, hamuulizi mtu bei, huyo hajafuata samaki.”

Akimwona mtu kama huyo, alichukua fagio lake la kugeuzia dagaa, akasogea taratibu akifagia, kama mtu aliyefika pale kwa sababu dagaa wamemfikisha pale. Hakumkaribia sana. Alisimama hatua sita au saba, akatazama juu, wala hakumtazama yule mtu.

“We, hebu nisaidie. Angalia huko Ukerewe. Hiyo itanyesha?”

Basi. Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Hakuuliza una nini, hakuuliza umetoka wapi, hakumtaja Mungu. Na mtu, hata awe amebeba nini kifuani, akiulizwa kama mvua itanyesha, huinua kichwa. Sijui kwa nini ni hivyo, lakini nimeona kwa macho yangu mara nyingi mno kubishana. Anainua kichwa, anatafuta wingu, halafu anasema kitu. Labda. Haiwezi. Hiyo ni ya jioni.

Hapo ndipo linapokuja la pili.

“Sasa nianue au niache?”

Hilo la pili ndilo lililokuwa na nguvu. Akisema acha, na mvua ikanyesha, dagaa wa watu wameharibika kwa ajili yake. Akisema anua, lazima ainuke asaidie, maana mama huyu alikuwa mzee na nyavu zilikuwa nyingi. Mtu ambaye asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa akimtegemea kwa lolote, ghafla alikuwa na dagaa wa mtu mikononi. Na kama alikuwa mtu wa kubaki kimya, mama alisema tu, “Basi niangalizie hapo, nikanywe uji,” akaondoka kweli, akamwachia fagio.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hawaulizi shida yao. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni na masomo ya malezi, niliamini kila jambo linafaa kuulizwa waziwazi.

“Mwalimu, mtu mwenye jambo ukimuuliza jambo, anajifunga. Muulize mvua. Mvua si ya kwake, haimuumi.”

“Na akikujibu, unamfanyia nini?”

“Nimfanyie nini mimi? Mimi nina dagaa.”

Siku moja alikuja mwanamke wa Suguti, amefunga kibwebwe, macho yamevimba. Alikaa kwenye mawe tangu asubuhi. Mama akamwendea na fagio, akauliza swali lake. Yule mwanamke akajibu kwa ukali, “Bora inyeshe! Kwetu mihogo inakauka, nyie mnaomba jua!” Mama wa mwaloni akasahau kabisa alichofuata. Akamwambia watu wa Suguti ni wachoyo wa jua, mwenzake akamwambia watu wa mwaloni hawajui shamba, wananuka samaki mpaka kanisani. Waligombana ugomvi wa kweli, mikono kiunoni, wavuvi wamesimama kutazama. Mwishowe mwanamke wa Suguti akaokota kitambaa chake, akaondoka kwa hasira kwenda kutafuta gari la kwao. Nikaona mtu akirudi duniani kwa njia ya ugomvi. Tukacheka siku nzima, hata Mama alicheka, kicheko chake cha kupitia puani.

Lakini nisidanganye kwamba zote zilikuwa hivyo. Alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Butiama, aliyeporwa ng'ombe wote zizini kwa usiku mmoja. Mama alimuuliza mvua, hakujibu. Akageuza dagaa, akauliza tena, hakujibu. Alimuuliza mara nyingi sana siku ile, mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Jua lilipokuwa linainama, yule mzee akasema neno moja, “Haitanyesha.” Kisha akainuka akaenda zake.

“Anaenda wapi?” nikauliza.

“Sijui.”

“Atafika kwao?”

“Nimekuambia sijui, Mwalimu.”

Hatukujua. Nataka jambo hilo lieleweke. Hakuna aliyerudi kumshukuru, isipokuwa msichana mmoja ambaye baadaye alikuja na sabuni ya kipande, na hata huyo Mama alimwambia aipeleke kwa mama yake mzazi. Hatukujua nani aliishi wiki, nani aliishi miaka, nani aliinuka pale akaenda kwenye mawe mengine ya mji mwingine. Mama aliwasukuma mpaka jioni. Kesho yao haikuwa mikononi mwake, na sidhani kama aliwahi kujiambia ilikuwa.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Wanawe walikula, wakasoma, wakavaa, lakini maneno nyumbani mle yalikuwa ya kazi tu: leta, peleka, funga mbuzi. Binti yake mkubwa aliniambia kwamba tangu azaliwe mama yake hajawahi kumuuliza ameamkaje na akangoja jibu. Mumewe alipofariki, Mama alirudi mwaloni mapema kuliko heshima, akaanika dagaa kwa mistari iliyonyooka kuliko siku zote, na ole wako umpe pole mara ya pili.

Nilimwambia, kwa utundu wa ujirani, “Mama, wageni unawasemesha, wa kwako huwasemeshi.”

Hakukasirika. Alifikiri. “Wa kwangu wananijua,” akasema. “Ukimuuliza mtu anayekujua habari ya mvua, anajua kuna kitu unaficha.”

Mimi mwenyewe alinisemesha. Sijalitaja mapema kwa sababu si rahisi kulitaja. Kabla hatujawa majirani wa kuanika, nilizika mtoto wangu wa kwanza, wa miezi mitano. Mume wangu alirudi kazini kwake Mwanza siku ya nne, na barua zake zikaanza kuwa fupi. Wanawake wa nyumba niliyopanga waliniambia ni mapenzi ya Mungu, nikaanza kuwachukia wote wawili, Mungu na wao. Alasiri moja nilitoka shuleni, sikwenda nyumbani, nikajikuta kwenye mawe na chaki bado vidoleni. Sikumbuki nilifikiri nini. Nakumbuka fagio likikwaruza mchanga nyuma yangu, na sauti yenye hasira kidogo ikiniuliza kama ile ya Ukerewe itanyesha.

Nilimwambia itanyesha. Sikuwa na hakika, nilitaka tu inyeshe.

“Haya inuka basi, wewe uliyesema,” akanijibu.

Nikaanua nyavu tatu na yeye. Mvua haikunyesha. Akanilaumu mpaka jua lilipozama, na kesho yake nilirudi kumwonyesha kwamba wingu la leo ni la kweli. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuanika dagaa. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba sikujua swali lile linaweza kufanya nini. Nililijua kuliko mtu yeyote mwaloni pale.

Mume wa binti yake mkubwa alikuwa kijana wa Kibara aliyepata kazi katika kiwanda kimoja hapa mjini. Alikuwa mtaratibu, anaongea kwa sauti ya chini, na Mama alimpenda kwa jinsi tu mama mkwe wa kwao alivyoruhusiwa kupenda, yaani kwa mbali. Kwao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mama anapisha pembeni, anajifunika khanga kichwani mpaka mkwe apite. Wala si chuki. Ni heshima, na watu hupima ukubwa wa heshima hiyo kwa umbali mnaowekeana. Katika miaka yote ya ndoa ile, hao wawili hawakuwahi kusemezana uso kwa uso. Yeye akileta kitenge, aliacha kwa mkewe. Mama akitaka kumsalimu, alimsalimu kupitia kwa wajukuu. Hata jina lake hakulitamka, alisema “baba wa wajukuu zangu”.

Kiwanda kikapunguza watu, kisha kikafunga geti. Ikasemekana atakuja mwenye mali mpya, na majina ya watakaorudishwa kazini yatabandikwa getini. Kijana akampeleka mkewe na watoto Kibara wakalime, yeye akabaki Musoma kusubiri jina lake. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kusoma ubao usio na kitu. Halafu, kwa kuwa hakuna mahali pengine, akaanza kuja kwenye mawe.

Siku ya kwanza niliona tu kwamba Mama amehamisha nyavu zake upande wa pili. Siku ya pili niliona anageuza dagaa amejifunika kichwa, na jua lote lile, mgongo ameupa mawe. Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Aliniita.

“Mwalimu.”

“Abee, Mama.”

“Huyo aliyekaa pale unamjua?”

“Simjui.”

“Ni baba wa wajukuu zangu.”

Nikataka kugeuka kumtazama, akanivuta mkono. Kiganja chake kilikuwa na magamba ya dagaa.

“Hana ndoo,” akasema. “Siku tatu hizi anakujaga tu hivyo, hana ndoo, hana kitu. Mimi siwezi kumwendea. Unajua.”

“Najua, Mama.”

“Nenda wewe. Usimwambie nimekutuma, ataona aibu, hatarudi kwangu tena. Mwulize tu kama itanyesha. Wewe umesoma, utajua kuongezea na mengine.”

“Nitaenda.”

“Leo.”

“Leo, Mama.”

Sasa nitaeleza, na nitaeleza bila kujitetea. Alasiri ile kulikuwa na gari la watu tunaofahamiana linaloelekea Butiama, na mimi kwetu ni Butiama, mama yangu alikuwa anavuna mtama peke yake, na gari halingenisubiri. Nilishuka kwenye mawe nikiwa na kikapu changu cha safari. Alikuwa amekaa ameshika magoti. Viatu vyake vilikuwa vimesafishwa. Niliposogea, aliinua macho akanitazama, na mtu asiniambie kwamba macho yale hayakuwa yakingoja. Yalikuwa yakingoja. Lolote ningelisema, angenijibu.

Na mbingu zilikuwa nyeupe, safi, hazina hata kipande cha wingu. Nikajiona mjinga. Ningemuulizaje mtu habari ya mvua siku kama ile? Mimi mwalimu, mke wa mtu, na wazazi wa wanafunzi wangu wamekaa pale wanashona nyavu wakinitazama ninavyomwanza mwanamume nisiyemjua. Nikaingiza mkono kwenye kikapu kama ninayetafuta ufunguo. Nikapita. Hatua zangu nazisikia mpaka leo.

Nikajiambia, Jumatatu.

Jumatatu alikuwepo, mahali palepale, shati jingine. Nilikuwa sijashusha hata ndoo yangu, Mama akanifuata.

“Ulimsemesha?”

Kama angeniuliza nimechelewaje, ningesema kweli. Lakini aliniuliza kama mtu ambaye hajalala tangu Alhamisi, na mimi nikaona haya.

“Nilimsemesha.”

“Akasemaje?”

“Akasema hajambo. Anasubiri majina tu.”

Mabega yake yakashuka. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. “Asante, Mwalimu,” akasema, na hiyo ilikuwa asante ya kwanza kunipa. “Nilikuwa nimepanga nimtume leo mmoja wa wale wazee wanaoshona nyavu. Basi kama umeongea naye tumwache. Asije akaona tunamzunguka.”

Ningeweza kusema, mtume tu, Mama, haidhuru. Ningeweza kuweka ndoo chini na kwenda mwenyewe dakika ile, alikuwa karibu kiasi cha kusikia kikohozi changu. Nilianika dagaa wangu.

Jumanne hakuja. Mama alisema labda wamembandika. Jumatano wavuvi walimkuta majini, wakamleta kwenye mwalo wetu kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Watu walikimbia, mimi nilikimbia. Mama wa mwaloni hakukimbia. Walipompitisha, alisogea pembeni ya njia, akajifunika khanga kichwani, akageuka, kama anavyofanya mama mkwe mkwe wake anapopita.

Kwao Kibara hakuliliwa. Mtu aliyekwenda kwa njia ile hapigiwi mayowe, anazikwa haraka pembeni ya shamba, anachinjwa kondoo kuondoa mkosi, na watoto wanaambiwa wasiulize. Mchungaji hakuja. Binti alikaa chini na khanga mdomoni asitoe sauti. Na Mama alikaa mbali, kwenye upande wa wakwe, maana hata pale umbali ulikuwa ni uleule.

Alirudi mwaloni. Sijui nilitegemea nini, labda kwamba sasa angewasemesha wote, hata wanaopita tu. Baada ya mwezi alikuja mwanamke kwenye mawe, mikono mitupu. Nikasubiri nisikie fagio. Mama alikuwa amempa mgongo, anachambua takataka kwenye sinia.

“Mama, kuna mtu pale.”

“Nimemwona.”

“Humuulizi?”

Hakuinua uso. “Nimuulize nini, Mwalimu? Wewe umesoma, ukamsemesha baba wa wajukuu zangu, akakujibu vizuri, na bado akaenda. Mimi na mvua yangu ni nani? Kumbe maneno hayasaidiagi. Nilikuwa nawasumbua tu watu wa watu.”

Hapo tena ningeweza kusema. Sikusema. Mdomo wangu uliojaa masomo ya malezi ulikaa kimya, na yule mwanamke akakaa mpaka akaondoka, na hakuna aliyejua alikwenda wapi. Baada yake wakaja wengine. Viwanda vya samaki vilikuwa vimeanza, sangara wote wanakwenda huko, akina mama wakabaki kugombania mapanki, mifupa yenye nyama ya kulambia, na mawe yale yakawa hayakosi mtu. Mama aligeuza dagaa wake. Kopo lilibonyea lilevile, ukali ulikuwa uleule. Asiyemjua hakuona tofauti yoyote.

Miguu ilipomshinda, binti yake, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Bunda kushona nguo, alikuja kumchukua. Mimi nilibaki mwaloni. Nikastaafu, nikaendelea kuanika. Kila mwaka nilijiambia nitakwenda Bunda kusema ukweli, na kila mwaka kulikuwa na sababu nzuri. Nilikwenda niliposikia anaumwa.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, amekonda, mikono imebaki mikubwa. Aliniambia nimenenepa vibaya. Binti alikuwa anachagua mchele pembeni. Tuliongea habari za mwaloni, nani amekufa, nani ameuza mtumbwi. Halafu binti akaweka ungo chini.

“Mwalimu, samahani,” akasema. “Mama anasemaga wewe ndiye wa mwisho kuongea na baba watoto. Sijawahi kukuuliza, niliogopa. Ila watoto wamekuwa wakubwa, wananiuliza mimi. Alisemaje? Alitutaja?”

Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amekaa vizuri, mikono mapajani, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Ningeweza kumpa sentensi moja nzuri, akaishi nayo. Nilikuwa nayo tayari, ilikuja yenyewe: aliwataja, alisema anawakumbuka. Sikuweza. Niliogopa kwamba nikimpa, ataniomba nyingine.

“Sikuongea naye,” nikasema. “Mama alinituma, nikapita. Nilimdanganya Mama. Hakuniambia hajambo, hakuniambia kitu. Sikumuuliza.”

Binti aliuacha ungo palepale chini. Aliinuka, akaingia ndani, nikasikia mlango wa chumba ukirudishwa taratibu. Mama wa mwaloni alibaki amekaa. Nilitaka anitukane. Maisha yake yote alijua kutukana watu, sikuona kwa nini siku hiyo asijue.

“Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza,” akasema mwishowe.

“Hakuna, Mama.”

“Si kwamba aliulizwa ikashindikana.”

“Hapana. Hakuulizwa.”

Nje fundi mmoja alikuwa anagonga bati, akaacha, akaanza tena. Niliona midomo ya Mama ikitembea bila sauti, na nikadhani anaomba, kumbe alikuwa anapanga swali.

“Na wale waliokuja nyuma yake,” akasema, “wale niliowaacha nikidhani haisaidii. Wewe ulibaki pale, Mwalimu. Ulikuwa unajua. Wewe uliwasemesha?”

Nilikuwa nimewaona wote. Wengine nawakumbuka kwa mashati, mmoja kwa mwavuli wa kijani aliokuwa nao siku ya jua, msichana mmoja kwa jinsi alivyokuwa akisuka na kufumua nywele zake mwenyewe. Walikaa pale, hatua sita au saba kutoka kwenye nyavu zangu.

“Hapana, Mama,” nikasema. “Hata mmoja.”